Hedifoni za Umeme Tuli na Hedifoni za Kawaida: Kani Inashika Wapi?

Mtu aliyewahi kulala Tabora katika mwezi wa Julai anakijua kituko hiki. Mvua zimekwisha kitambo, hewa imekauka, na usiku una baridi. Avuapo sweta au shati la nailoni gizani, husikia mlio mdogo wa kutatarika, na pengine huona cheche. Mtoto hushtuka, mzee humwambia kuwa ni nguo tu. Kwa kweli ni umeme, wa jamii moja na ule wa radi, ila kwa kiasi kidogo sana. Huu huitwa umeme tuli, kwa sababu chaji zake zimetulia juu ya kitu badala ya kupita katika waya kama mkondo.

Nguvu hiyo hiyo inayosimamisha nywele za mvaa sweta ndiyo inayoendesha aina moja ya hedifoni, yaani vile vipokea sauti tunavyovaa masikioni. Hedifoni za namna hii ni chache na ni ghali, na wanafunzi wengi hawajaziona. Hata hivyo zinafaa kuchunguzwa darasani, kwa kuwa zikiwekwa kando ya hedifoni za kawaida hutuonyesha waziwazi njia mbili ambazo umeme hutumia kusukuma kitu: kwa sumaku na kwa chaji. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hiyo. Tutaona kwamba karibu mambo yote yanayozitenga aina hizi mbili, tangu uzito hadi bei, hutokana na swali moja tu: kani inakishika kiwambo mahali gani?

Waya na sandarusi

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilisafiri kwa miguu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji. Tunaikumbuka njia hiyo kwa pembe za ndovu na kwa msiba wa watu waliouzwa utumwani. Lakini ilipitisha vitu vingine pia. Richard Burton, aliyefika Kazeh karibu na Tabora ya leo mwezi Novemba 1857, alieleza kuwa bidhaa kuu zilizopelekwa bara zilikuwa nguo, shanga na waya. Waya huo wa shaba, ulioitwa masango ulipokuwa mnene, ulifanywa bangili na mapambo ya mikono na miguu.

Huko pwani, mwanzo wa njia hiyo hiyo, watu walichimba ardhini sandarusi, utomvu wa miti uliogandamana kwa muda mrefu, wakaiuza Unguja ili ipelekwe ng'ambo kutengenezea vanishi. Sandarusi ni kihami, maana yake haipitishi umeme. Ukiisugua kwa kitambaa kikavu huvuta makapi na vipande vya karatasi, sawasawa na kaharabu. Na jina la kaharabu lina habari yake. Limetoka katika Kiajemi, nalo maana yake ni kitu kivutacho makapi. Waarabu walilichukua, na hadi leo wao huuita umeme kwa jina la kahrabaa. Wagiriki wa kale waliita kaharabu elektroni, na kwa njia hiyo sayansi ikapata jina la chembe ndogo yenye chaji hasi.

Basi njia ya misafara ilibeba vitu viwili ambavyo kwetu leo ni vielelezo vizuri. Waya wa shaba unatuonyesha hedifoni za kawaida. Sandarusi inatuonyesha hedifoni za umeme tuli.

Hedifoni za kawaida zinavyofanya kazi

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ili kifaa kitoe sauti, hapana budi kiwe na kitu chepesi kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, kikiisukuma hewa. Kitu hicho ni kiwambo. Neno hili si geni: ngozi iliyowambwa juu ya ngoma ni kiwambo, na katika sikio letu mna kiwambo pia.

Katika hedifoni za kawaida, kiwambo hufanywa kwa plastiki nyembamba au karatasi. Nyuma yake imegundishwa koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Koili hiyo inakaa katika mwanya mdogo wa sumaku isiyohama. Mkondo wa umeme wenye kubeba sauti unapopita katika koili, sumaku huisukuma. Mkondo ukigeuka, kani nayo hugeuka. Kwa hiyo koili hucheza mbele na nyuma, na kiwambo huifuata. Kampuni ya Beyer ya Ujerumani ilitoa hedifoni za namna hii, DT 48, mwaka 1937, na hadi leo hedifoni nyingi za redio na simu hutumia kanuni hiyo.

Mwalimu anaweza kuionyesha bila gharama. Chukua spika ya redio iliyokufa, lakini ambayo koili yake ingali nzima. Gusisha nyaya zake kwa muda mfupi kwenye betri moja ya volti 1.5. Utasikia mlio mmoja, na karatasi ya spika itaruka upande mmoja. Geuza nyaya, nayo itaruka upande wa pili. Wanafunzi waweke kidole juu ya karatasi hiyo wausikie mwendo wenyewe.

Kani inayopatikana ni rahisi kuikadiria. Ni zao la vitu vitatu: nguvu ya uga wa sumaku, mkondo, na urefu wa waya ulio ndani ya uga. Tuseme uga ni tesla 1, waya ni mita 1, na mkondo ni ampea 0.005. Kani itakuwa nyutoni 0.005. Ikiwa kiwambo kina kipenyo cha milimita 40, eneo lake ni kama mita za mraba 0.00126. Tukigawanya kani kwa eneo tunapata kanieneo ya paskali 4 hivi. Ni kidogo sana ikilinganishwa na kanieneo ya hewa inayotuzunguka, lakini kwa sikio hiyo ni sauti kubwa. Kama ukinzani wa koili ni omu 32, kazi yote hiyo imehitaji volti 0.16 tu. Ndiyo maana redio ndogo ya betri inatosha.

Udhaifu wa njia hii

Ubora huo una gharama yake, nayo ni ya namna mbili.

Ya kwanza ni uzito. Koili ni shaba, na shaba ni nzito. Katika misafara, mpagazi aliyejitwika pembe ya ndovu hakuweza kugeuka ghafla wala kusimama ghafla. Tarishi aliyebeba barua peke yake aliweza. Kiwambo chenye koili ni mpagazi. Sauti nyembamba humtaka ageuke mara elfu kumi au zaidi kwa sekunde moja, naye ana mzigo.

Ya pili ni mahali pa kani. Koili imeshikana na kiwambo kwenye duara moja tu. Sehemu nyingine zote za kiwambo husubiri kuvutwa na jirani zao. Chukua mkeka uliotandazwa. Ukiuinua kwa mti mmoja katikati, katikati hupanda na kingo hubaki zikining'inia. Ukiutikisa haraka, mawimbi hutembea juu yake. Vivyo hivyo kiwambo cha kawaida, kikitetemeshwa haraka sana, hujikunja: sehemu moja inakwenda mbele wakati nyingine ingali inarudi nyuma. Sauti inayotoka huwa na nyongeza ambazo mwimbaji hakuzitia.

Wahandisi wamepambana na udhaifu huu kwa viwambo vigumu zaidi na koili nyepesi zaidi, na wamefanikiwa sana. Hedifoni nzuri za kawaida ni nzuri kweli. Lakini hawawezi kuiondoa koili, kwa kuwa bila hiyo hakuna kani.

Hedifoni za umeme tuli

Sasa tuurudie mkeka. Watu wengi wakiushika kila mahali na kuuinua kwa pamoja, mkeka wote hupanda ukiwa umenyooka. Hicho ndicho kifanywacho na umeme tuli.

Kiwambo cha hedifoni hizi ni utando wa plastiki mwembamba mno, unene wake ukiwa kama mikroni 1.5, hali unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Utando huo umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana, kisha umewambwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye matundu mengi. Kiwambo hupewa chaji kwa volti za juu zisizobadilika. Katika hedifoni nyingi za kampuni ya Stax ya Japani volti hizo ni 580. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza kuuza hedifoni za umeme tuli, aina ya SR-1, mwaka 1960.

Sauti haipelekwi kwenye kiwambo, bali kwenye mabamba. Bamba moja linapokuwa chanya zaidi, lingine huwa hasi zaidi. Kwa kuwa kiwambo kina chaji, bamba moja hukivuta na lingine hukisukuma, wote kwa mara moja, kila sehemu ya utando kwa kani iliyo sawa. Hakuna koili, hakuna waya juu ya kiwambo, hakuna mahali panapomsubiri jirani. Hewa iliyosukumwa hupita katika matundu ya bamba hadi sikioni.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini kuwe na chaji ya kudumu? Je, haitoshi kupeleka sauti moja kwa moja kati ya bamba na kiwambo? Haitoshi. Vitu viwili vilivyounganishwa na ncha mbili za chanzo kimoja cha umeme huvutana siku zote, hata ukizigeuza ncha hizo. Kani hutegemea volti zikizidishwa kwa zenyewe, na namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe huwa chanya. Kwa hiyo kiwambo kingevutwa mara mbili katika kila mtetemo mmoja, na mlio wa mitetemo 200 kwa sekunde ungesikika kama wa 400. Chaji ya kudumu pamoja na mabamba mawili huondoa kasoro hiyo, na kani hufuata sauti kwa uaminifu. Dawa iliyopakwa kwenye utando nayo ina sababu yake: inazuia chaji isikimbie kutoka sehemu moja hadi nyingine wakati kiwambo kinapotetemeka.

Tupige hesabu. Tuseme mabamba yako umbali wa milimita 1, na kiwambo kiko katikati. Kati ya kiwambo na kila bamba, uga wa umeme ni volti 580 kwa nusu milimita, yaani volti 1,160,000 kwa mita. Chaji iliyoko kwenye kiwambo, pande zote mbili zikihesabiwa, ni 2 × 8.85 × 10⁻¹² × 1,160,000, ambayo ni kama kulombu 0.00002 kwa kila mita ya mraba. Sasa tulete sauti yenye volti 200 kati ya bamba na bamba. Uga wake ni volti 200,000 kwa mita. Tukizidisha chaji kwa uga huo tunapata paskali 4 hivi. Ni kanieneo ile ile tuliyoipata kwa koili! Lakini kule tulitumia volti 0.16, huku tumetumia volti 200 juu ya zile 580.

Faida yake inaonekana katika uzito. Plastiki ya unene wa mikroni 1.5 ina gramu 2 hivi kwa mita ya mraba. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Kwa hiyo kiwambo hicho kina uzito sawa na tabaka la hewa la unene wa milimita 2 tu. Karibu hakina uzito wake chenyewe. Kinaanza hewa inapoanza, na hewa hiyo hiyo hukituliza sauti inapokwisha. Huyu ni tarishi asiye na mzigo.

Kipi ni bora?

Mwandishi wa makala haya alivaa hedifoni za umeme tuli kwa mara ya kwanza alipokuwa masomoni ng'ambo. Katika rekodi ya ngoma alisikia kiganja kikiteleza juu ya ngozi kabla ya kupiga, jambo ambalo hakuwa amelisikia katika rekodi hiyo kabla. Lakini alipovaa hedifoni zile zile kusikiliza santuri kuukuu, alisikia zaidi mikwaruzo ya santuri, wala wimbo wenyewe haukuongezeka. Kifaa cha kusikiliza hakiwezi kurudisha kisichonaswa.

Tena kuna gharama. Hedifoni hizi hazichomekwi kwenye redio au simu; zinahitaji kikuza sauti chao chenye volti za juu, ambacho mara nyingi hutumia umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, sauti nayo imekatika. Kiwambo chenye chaji huvuta vumbi, kama rula iliyosuguliwa inavyovuta karatasi. Unyevu wa masika huweza kuvujisha chaji hadi upande mmoja ukasikika hafifu kuliko mwingine. Hedifoni za kawaida hustahimili vumbi, jasho na mkoba wa mwanafunzi. Kwa shule na kwa msikilizaji wa redio, hizo za kawaida ndizo zinazofaa.

Kuna na aina ya tatu, ambayo nyaya bapa zimetandazwa juu ya kiwambo chote na sumaku zimepangwa mbele au pande zote mbili. Hiyo imechukua sumaku kutoka kwa aina ya kwanza, na usawa wa kani kutoka kwa ya pili.

Hapa maonyo mawili yanastahili. Mwanafunzi asifungue kikuza sauti cha hedifoni za umeme tuli, kwa kuwa ndani yake mna volti za kuua. Na aina yoyote ya hedifoni, ikipigwa kwa sauti kubwa kwa muda mrefu, huharibu sikio, wala sikio lililoharibika namna hiyo halirudi hali yake.

Pacha aliyeko mfukoni

Mtu asidhani kuwa umeme tuli ni anasa ya matajiri wachache. Kanuni hii inaweza kugeuzwa. Badala ya umeme kukitikisa kiwambo, sauti ikitikise kiwambo, nacho kitoe umeme. Kiwambo na bamba ni kapasita. Umbali wao ukibadilika, volti hubadilika. Hiyo ni maikrofoni ya kapasita, iliyobuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916.

Shida yake ilikuwa zile volti za kudumu. Dawa yake ilianza na kitu ambacho watu wa Tabora wanakijua sana: nta. Mwaka 1919, Mototaro Eguchi wa Japani aliyeyusha mchanganyiko wa nta na utomvu, akauacha ugande ndani ya uga mkali wa umeme. Ulipoganda, ulibaki na chaji yake, kama sumaku inavyobaki na usumaku wake. Kitu cha namna hiyo huitwa elektreti. Mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West, Mmarekani Mweusi, walitumia utando wa plastiki wenye chaji ya kudumu kutengeneza maikrofoni ndogo na rahisi. Maikrofoni za namna hiyo zimetengenezwa kwa mamilioni mengi, na hata zile ndogo mno za simu za leo kwa kawaida ni kapasita.

Jambo hili lina uzito kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya nyimbo za Wanyamwezi, watu waliotoa wapagazi wengi wa misafara, zilinaswa kwa fonografu ya mitungi ya nta. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo hizo. Fonografu hiyo haikutumia umeme: pembe ilikusanya sauti, kiwambo kikatikisika, na sindano ikachora nta. Sauti nene sana na nyembamba sana zilipotea pale pale, na hakuna hedifoni duniani, hata za umeme tuli, zitakazozirudisha.

Leo kijana wa Tabora ana maikrofoni iliyo bora kuliko pembe ile, nayo iko mfukoni mwake. Babu au bibi anayejua nyimbo za kazi na za safari angali anaweza kuketi naye. Kijana achague chumba kisicho na upepo, aiweke simu karibu, aandike jina la wimbo, mahali na tarehe, aombe ruhusa ya mwenye wimbo, kisha anase. Hedifoni nzuri zaidi zinaweza kununuliwa mwaka wowote. Sauti isiyonaswa hainunuliwi.

Maswali ya darasani

1. Sugua rula ya plastiki kwa nywele kavu, uisogeze karibu na karatasi nyembamba inayoning'inia. Je, karatasi inavutwa mahali pamoja au eneo zima lililo karibu na rula? Rudia jaribio wakati wa mvua, ueleze tofauti.

2. Katika hesabu yetu ya hedifoni za umeme tuli, kanieneo itakuwa ngapi ikiwa mabamba yatatenganishwa kwa milimita 2, volti zikibaki zile zile?

3. Hewa ikiwa kavu, cheche huruka penye uga wa volti 3,000 hivi kwa milimita usawa wa bahari. Kwa nini mtengenezaji hawezi kuongeza volti za kiwambo apendavyo? Je, Tabora, ambako hewa ni nyepesi kidogo, kikomo hicho kitapanda au kitashuka?